Programu ya biashara nayo ichomwe bambo kabla ya malipo

Miongoni mwa bidhaa anazoweza kuuziwa mfanyabiashara wa Mazingara na maeneo mengine ya Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, ipo moja isiyopimwa kwa gunia wala kwa debe. Bidhaa hiyo ni programu ya kompyuta au ya simu: ya kuandika mizani ya ufuta na mahindi, ya kutunza hesabu za duka la pembejeo, au ya kufuatilia mikopo katika chama cha kuweka na kukopa.

Gunia likichomwa bambo, mnunuzi huona kilichomo kabla ya kutoa fedha. Programu haichomwi bambo. Mnunuzi huoneshwa skrini yenye rangi nzuri, hubonyeza vitufe viwili vitatu, risiti ikatoka, akalipa. Tatizo hujitokeza baadaye, pale kitu kidogo kinapotakiwa kubadilishwa na fundi wa mwanzo hapatikani tena.

Mabadiliko ya namna hiyo si ya kubahatisha. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza Tanzania Bara Julai 1998 kwa asilimia 20, na mwaka 2009 ikashushwa hadi asilimia 18. Mwaka 2010 zikaja mashine za kielektroniki za kutolea risiti. Kila hatua ya aina hiyo inamlazimu mwenye programu ya mauzo kuifungua na kuirekebisha. Wakati mwingine kinachobadilishwa ni tarakimu moja tu. Lakini ikiwa programu haiwezi kujengwa upya, tarakimu hiyo moja inaweza kumgharimu mwenye duka bei ya programu nzima kwa mara ya pili.

Mara nyingi chanzo cha hasara hiyo si ubovu wa programu yenyewe. Chanzo ni faili moja dogo ambalo mnunuzi hakuliona wala hakulidai, yaani faili la ujenzi, pamoja na vifaa vya ziada vilivyopangwa ndani yake.

Programu hupitia kiwandani

Wakazi wa Korogwe wanaufahamu vizuri mkonge. Jani likikatwa shambani bado si bidhaa. Hupelekwa kwenye korona likakamuliwa, singa zikaanikwa, zikapigwa burashi, zikapangwa kwa madaraja, na mwisho zikashindiliwa kuwa robota la kilo 250. Mnunuzi wa ng'ambo analipia robota, halipii jani.

Programu nayo ina jani na robota. Jani ni msimbo, yaani maandishi anayoyaandika fundi. Robota ni faili linalowekwa kwenye kompyuta ya duka au kwenye simu ya karani wa mizani. Kati ya hayo mawili kuna kazi nyingi: kukusanya vipande vya msimbo, kuleta vipande vilivyoandikwa na watu wengine, kuvigeuza kuwa lugha ya mashine, kuvijaribu, kuvifunga pamoja na kuvitia sahihi.

Kazi hizo hazifanywi kwa mkono. Hufanywa na chombo cha ujenzi. Chombo cha kwanza kutumika sana, Make, kilitengenezwa na Stuart Feldman katika Bell Labs, Marekani, mwaka 1976. Kwa programu zinazoandikwa kwa lugha ya Java, Ant ilitoka mwaka 2000 na Maven ikafikia toleo la kwanza kamili mwaka 2004. Baadaye ikaja Gradle, ambayo leo ndiyo inayotumika zaidi kujengea programu za simu za Android.

Chombo cha ujenzi kama Maven, kikiwa peke yake, hakijui kazi nyingi. Ni sawa na jengo la kiwanda lenye mhimili unaozunguka tu. Kazi yenyewe hufanywa na mashine zinazofungwa kwenye mhimili huo, na mashine hizo ndizo zinazoitwa programu-jalizi, au kwa lugha ya mafundi, plagini. Ipo plagini ya kugeuza msimbo, ipo ya kuendesha majaribio, ipo ya kufunga mzigo, na ipo ya kuupeleka ghalani.

Mashine ya korona ikifungwa visu vyake karibu mno hukata singa, na vikiwa mbali mno huacha nyama ya jani. Plagini nayo inategemea ilivyopangwa. Kuipanga huko ndiko kunakoitwa kuisanidi.

Mambo matatu katika kila plagini

Katika mradi wa Maven, mipango yote huandikwa kwenye faili liitwalo pom.xml. Katika Gradle, huandikwa kwenye build.gradle au build.gradle.kts. Mnunuzi asiyejua lugha ya kompyuta anaweza kulifungua faili hilo na kutafuta mambo matatu kwa kila plagini: jina lake, toleo lake, na maelekezo yake.

Jina hueleza ni mashine gani. Kwa mfano, maven-compiler-plugin ndiyo inayogeuza msimbo, na maven-surefire-plugin ndiyo inayoendesha majaribio.

Toleo ni namba, mfano 3.13.0. Hapa ndipo uzembe unapoanza. Fundi anaweza kuacha kuandika toleo na kazi ikaendelea. Maven hujichagulia: ama toleo linalokuja na Maven yenyewe, ama toleo jipya kabisa lililopo ghalani siku hiyo. Maana yake ni kwamba programu iliyojengwa Januari na iliyojengwa Septemba zinaweza kupitia mashine tofauti bila yeyote kuamua hivyo. Tangu toleo la 3, lililotoka mwaka 2010, Maven humwonya fundi kwamba kutotaja toleo kunahatarisha ujenzi. Mafundi wengi huliona onyo hilo na kuliacha lipite.

Maelekezo ndiyo vipimo vya visu. Plagini ya kugeuza msimbo inahitaji kuelezwa ni Java ya toleo gani inayokusudiwa. Kwa miaka mingi, ilipokuwa haijaelezwa, ilichukua Java 5 kama kawaida yake. Septemba 2017 ikatoka Java 9, ambayo haikubali tena Java 5. Mradi uliojengeka vizuri kwenye kompyuta ya zamani ukakataa kwenye kompyuta mpya, ingawa hakuna herufi hata moja ya msimbo iliyobadilika. Dawa yake ni mstari mmoja tu unaotaja toleo la Java, kwa mfano 17.

Lipo kosa jingine ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya. Katika pom.xml kuna sehemu iitwayo pluginManagement na sehemu iitwayo plugins. Ya kwanza ni kama orodha ya bei iliyobandikwa ukutani: inaeleza kwamba mzigo huu ukiagizwa, utakuwa wa toleo hili na kwa masharti haya. Haiagizi chochote. Ya pili ndiyo inayoagiza. Fundi anaweza kuandika plagini ya ulinzi kwenye orodha ya ukutani peke yake, akaamini inafanya kazi, kumbe haijawahi kuwashwa.

Ghala linapofunga mlango

Vyombo hivi huchota plagini na vipande vingine kutoka maghala yaliyo kwenye intaneti. Ghala kuu la Java huitwa Maven Central. Mwenye mradi halipi kitu kuchota humo, lakini pia hana mamlaka juu ya masharti ya ghala.

Januari 15, 2020, Maven Central iliacha kupokea maombi yanayokuja kwa njia isiyofichwa ya HTTP na kudai HTTPS. Miradi ya zamani iliyokuwa imeandikwa anwani ya HTTP ilikwama siku hiyo. Marekebisho yalikuwa herufi moja katika anwani, lakini ni kwa yule tu aliyekuwa na faili la ujenzi mkononi na mtu wa kulifungua.

Februari 2021 kampuni ya JFrog ilitangaza kufunga ghala lake la JCenter. Ghala hilo ndilo lililokuwa likiwekwa moja kwa moja katika miradi mipya ya Android kwa miaka kadhaa. Baadaye liliachwa lisomwe bila kupokea mzigo mpya, na mwaka 2024 maombi yaliyokuwa yakienda huko yakaanza kuelekezwa Maven Central. Vipande vilivyokuwa JCenter peke yake havikupatikana tena kwa njia hiyo. Programu ya simu iliyoandikwa mwaka 2017 na kuachwa bila kuguswa inaweza kushindwa kujengwa leo kwa sababu hiyo tu.

Kwa wafanyabiashara wa nyanda za Handeni, lipo na suala la mtandao wenyewe. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora au kukatika Tanzania na katika nchi jirani. Siku kama hiyo fundi anayetakiwa kurekebisha programu ya mizani hawezi kuchota kitu kutoka ghala la ng'ambo.

Hata hivyo, Maven na Gradle hutunza nakala ya kila walichokwisha kuchota ndani ya kompyuta ya fundi, na zote mbili zinaweza kuamriwa zijenge bila kutafuta mtandao. Maven huamriwa kwa alama ya -o, na Gradle kwa neno --offline. Jambo hilo linawezekana pale tu matoleo yote yametajwa na nakala zipo. Kampuni yenye mafundi kadhaa inaweza kuweka ghala lake dogo ofisini, ikachota mara moja na kugawia wote, jambo linalookoa pia gharama za bando.

Tarehe ya mwisho ya Google Play

Kwa waliolipia programu ya simu, iko saa isiyosubiri mtu. Google, mwenye soko la programu za Android liitwalo Google Play, huongeza masharti kila mwaka. Kuanzia Agosti 31, 2023, programu mpya na masasisho yalitakiwa kulenga Android 13. Agosti 31, 2024 ikawa Android 14, na Agosti 31, 2025 ikawa Android 15. Programu zinazobaki nyuma sana huacha kuonekana kwa wateja wapya wenye simu mpya zaidi.

Kwa maandishi, sharti hilo ni namba moja katika build.gradle. Kwa vitendo, namba hiyo huvuta nyingine. Ili kulenga Android mpya, hutakiwa plagini mpya ya Android. Plagini hiyo toleo la 8, iliyotoka mwaka 2023, inadai Gradle ya toleo la 8 na Java 17. Aidha, inadai jina la kifurushi liandikwe ndani ya faili la ujenzi badala ya mahali lilipokuwa zamani. Mradi unaosasishwa kila mwaka hupita hatua hizo moja moja. Mradi ulioachwa miaka 5 hukutana nazo zote kwa pamoja, na fundi huhesabu siku nyingi zaidi.

Chukua mfano wa mnunuzi wa ufuta aliyelipia programu ya makarani wake wa mizani. Msimu unaanza, makarani wapya wana simu mpya, na programu haipatikani sokoni kwa simu hizo. Fundi wa kwanza hayupo. Mnunuzi anarudi kwenye daftari na kalamu katika wiki zile zile ambazo mizani inafanya kazi kuliko wiki nyingine zote za mwaka. Gharama yake haihesabiwi kwa ujira wa fundi peke yake, bali pia kwa magunia yaliyoandikwa vibaya.

Jambo jingine la kuangalia ni aina ya mzigo uliokabidhiwa. Plagini ya Android hujenga aina mbili za kawaida: ya majaribio na ya kazi. Ya majaribio huacha mlango wazi ili fundi achungulie ndani ya programu ikiwa inaendeshwa, na hutiwa sahihi ya muda ambayo Google Play haiikubali. Mteja anayetumiwa programu kwa WhatsApp na kuambiwa abonyeze kuifunga kwenye simu hana budi kuuliza amepewa ipi kati ya hizo mbili.

Aidha, faili la ujenzi huweza kuwa na mipango miwili ya anwani, moja ikielekeza kwenye seva ya majaribio na nyingine kwenye seva ya kazi. Mzigo ukifungwa kwa mpango usio wake, mauzo ya siku nzima yataandikwa mahali ambapo fundi hufuta kila anapotaka.

Sumu na mwanya

Kazi ya kujenga upya kwa haraka ina thamani kubwa zaidi siku ya hatari. Desemba 2021 iligundulika kwamba kipande kiitwacho Log4j, kinachotumika katika programu nyingi za Java kuandika kumbukumbu za matukio, kilikuwa na mwanya uliomwezesha mtu wa mbali kuiendesha seva ya mwenzake. Mwanya huo ulisajiliwa kwa namba CVE-2021-44228. Dawa ilikuwa kubadili toleo la Log4j katika faili la ujenzi na kujenga upya. Aliyekuwa na faili lililopangwa vizuri aliweza kumaliza kazi hiyo katika muda mfupi. Asiyekuwa nalo alibaki na mlango wazi, ama alizima seva.

Machi 2024 ulitokea mkasa mwingine unaogusa ujenzi wenyewe. Mhandisi Andres Freund alibaini kwamba kuingia katika seva kwa mbali kulikuwa kunachelewa takriban nusu sekunde. Alipofuatilia, alikuta sumu ndani ya matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, kipande kinachotumika kubana mafaili katika mifumo ya Linux. Sehemu ya sumu hiyo haikuonekana katika msimbo ulio wazi kwa wote. Iliwekwa katika maandishi ya ujenzi yaliyofungwa pamoja na mzigo wa kutolewa, ili ijipenyeze wakati wa kujenga.

Mkasa huo unaonesha kwamba plagini ni mgeni anayeingizwa kiwandani na kupewa funguo. Inaweza kusoma na kuandika mafaili ya kompyuta inayojenga. Kwa hiyo kila plagini iwe na sababu ya kuwepo, itoke ghala linalojulikana, na toleo lake liwe limetajwa. Gradle, tangu mwaka 2020, inaweza pia kutunza alama ya utambulisho ya kila kipande na kukataa kipande ambacho alama yake imebadilika, sawa na mnunuzi anayekataa gunia lililokatwa lakiri.

Kosa jingine la usalama ni kuandika nywila ya hazina ya data au ya ufunguo wa sahihi ndani ya faili la ujenzi. Faili hilo hupita mikono mingi. Kwa chama cha kuweka na kukopa, nywila hiyo inafungua majina, namba za simu na madeni ya wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayetunza taarifa za namna hiyo azilinde. Nywila hukaa nje ya faili, kwenye kompyuta ya anayejenga, na faili hutaja tu mahali pa kuichukua.

Mifano iliyo wazi kwa yeyote

Wafanyabiashara wanaodhani mambo haya ni ya nchi za mbali wanayo mifano ya karibu. Mfumo wa DHIS2, unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki katika kuuendeleza, hutumika Tanzania kukusanya takwimu za vituo vya afya. Sehemu yake ya seva hujengwa kwa Maven. Mfumo wa OpenMRS wa kumbukumbu za wagonjwa, ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, nao hujengwa kwa Maven.

Kwa upande wa fedha, mfumo wa Mifos ulianzishwa na Grameen Foundation kwa ajili ya taasisi za mikopo midogo. Matunda yake yakahamia Apache Software Foundation kwa jina la Fineract, ambayo ilipewa hadhi ya mradi kamili mwaka 2017. Fineract hujengwa kwa Gradle. Musoni ya Kenya ni miongoni mwa taasisi zilizojenga mfumo wake juu ya kazi ya Mifos.

Misimbo ya miradi hiyo iko wazi, pamoja na mafaili yake ya ujenzi. Fundi kijana wa Chanika au wa Korogwe mjini anaweza kusoma jinsi plagini zilivyopangwa bila kulipa ada. Mnunuzi naye anaweza kuweka faili la fundi wake kando ya faili la mradi mkubwa na kumwomba fundi aeleze tofauti. Haihitajiki zifanane. Kinachohitajika ni fundi awe na maelezo.

Kwa wenye kuwekeza

Wawekezaji wadogo wanaoombwa kununua hisa au kukopesha kampuni changa za programu mara nyingi huoneshwa idadi ya wateja na mapato yanayotarajiwa. Hayo ni muhimu. Hata hivyo, mali kubwa ya kampuni ya namna hiyo ni uwezo wa kutoa toleo jipya wakati wowote bila kumtegemea mtu mmoja.

Uwezo huo hupimika. Mwekezaji anaweza kuomba kompyuta isiyo na kitu, fundi wa pili ambaye hakuandika programu, na saa chache za kazi. Fundi huyo apewe msimbo na faili la ujenzi, bila maelezo ya mdomo. Akifanikiwa kutoa programu inayofanya kazi, kampuni ina mali. Akilazimika kumpigia simu mwandishi wa kwanza kila baada ya hatua, mali iko kichwani mwa mwandishi, na siku akihama itahama naye.

Mambo ya kudai kabla ya malipo ya mwisho

Kwa anayenunua programu, yafuatayo ndiyo bambo lake. Yaandikwe katika mkataba kabla fundi hajaanza kazi, maana kuyadai baada ya kulipa ni vigumu.

Kwanza, msimbo wote ukabidhiwe pamoja na faili la ujenzi. Faili la kuendeshea programu peke yake halitoshi.

Pili, kila plagini itajwe kwa toleo lake, na kwa miradi ya Java toleo la Java nalo liandikwe. Maven ina plagini iitwayo maven-enforcer-plugin ambayo husimama getini na kusimamisha ujenzi mapema ikiwa Java au Maven si ya toleo linalotakiwa. Kuiweka ni kazi ndogo.

Tatu, mradi uje na faili la kuleta chombo cha ujenzi chenyewe kwa toleo lake halisi. Katika Gradle faili hilo huitwa gradlew na katika Maven huitwa mvnw. Kwa miradi ya tovuti inayotumia npm, lipo faili la package-lock.json, nalo lisiachwe nyuma.

Nne, majaribio yaendeshwe mbele ya mnunuzi. Fundi anaweza kuyaruka kwa kuandika neno moja, skipTests, na ujenzi ukamalizika vizuri kwa macho. Neno hilo likionekana ndani ya faili la ujenzi, mnunuzi aulize sababu.

Tano, akaunti ya Google Play ifunguliwe kwa jina la mwenye biashara. Kwa programu mpya zilizoingizwa sokoni tangu Agosti 2021, Google hutunza ufunguo wa sahihi, na mwenye akaunti akipoteza ufunguo wa kupakia anaweza kuomba mwingine. Kwa programu za zamani ambazo hazikuandikishwa katika utaratibu huo, ufunguo ukipotea hakuna sasisho linalowezekana kwa jina lile lile. Ufunguo huo utunzwe na mwenye mali kama hati ya kiwanja.

Sita, programu ijengwe upya kwenye kompyuta nyingine kabla ya fungu la mwisho kulipwa. Mnunuzi akizuia sehemu ya tano ya bei hadi zoezi hilo lifanikiwe, fundi mwaminifu hapotezi kitu, na asiye mwaminifu hujulikana mapema.

Saba, paangaliwe tena kila mwaka. Kwa programu za Android, wakati mzuri ni kabla ya Agosti, mwezi wa tarehe ya mwisho ya Google Play. Matengenezo hayo yawekewe fungu katika bajeti, kama vile mwenye mashine ya kusaga anavyotenga fedha za mkanda na chekeche.

Fundi naye ana haki yake. Kupanga plagini vizuri, kuandika majaribio na kukabidhi kwa utaratibu huchukua siku zaidi, na siku hizo zilipwe. Mnunuzi anayesukuma bei chini hadi fundi aruke hatua hizo huwa amejiuzia deni. Katika kulinganisha bei za mafundi wawili, la kuuliza ni kama bei ya kila mmoja imejumuisha ujenzi wa mara ya pili kwenye kompyuta nyingine. Bei isiyojumuisha zoezi hilo haijakamilika, hata kama ni ndogo.